Kuonja stauti nzito tamu ukiwa Mbeya, hatua kwa hatua

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, habari za siku. Hii naiandika kwa sababu naulizwa kitu kilekile kila mara, mtu kaletewa zawadi na shemeji yake aliyetoka Marekani au Uingereza, kichupa cheusi cha stauti, ile bia nyeusi, kimeandikwa kilevi asilimia 11, 12, mpaka 14, kimekaa kabatini miezi na mwenyewe anakiangalia tu hajui akifanyeje. Siku ya sikukuu anakitupia friza, anamimina kwenye glasi za juisi, watu wanapiga funda kubwa kama wanakunywa Safari, wanakunja sura, mmoja anasema "ah hii si dawa ya kifua hii", na iliyobaki inaishia kwenye sinki. Inaniuma kweli, maana bia ile imemchukua mtu miezi kuipika na kuilaza, halafu ladha zilizomo humo ndani nyingi sisi wa huku tunazijua vizuri mno, labda kuliko huyo shemeji mwenyewe.

Na hilo ndo nataka ulishike kabla hatujaanza. Kahawa iko Mbozi. Kakao iko Kyela. Kimea kila bibi wa huku anacho kwenye debe. Sasa mtu aliyekulia kwenye harufu hizo akiambiwa "nusa humu uniambie kuna nini" anashindwaje? Hashindwi, ila anaogopa, anadhani kuonja bia ni mambo ya wataalamu wa Ulaya na maneno yao. Ulimi wako unatosha, unahitaji utaratibu tu.

Ya kwanza niliyopewa mimi niliiharibu. Kaka yangu alikuja nayo toka Chicago, Bourbon County ya Goose Island, ile inayolazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na wiski. Nikaiweka friza karibu masaa matatu, tukagawana wawili. Baridi ikaua kila kitu, tukabaki na utamu na ule ukali wa kilevi unaochoma koo. Nikaiacha robo glasi mezani nikaenda kuongea na simu nje, nilivyorudi baada ya kama dakika arobaini nikanusa kabla sijamwaga, nikakuta mule ndani kuna kahawa inayokaangwa, kuna vanila, kuna kitu kama zabibu kavu, na ilikuwa imebaki funda mbili tu. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuigandisha stauti.

Kwanza ujue umeshika nini

Stauti ni bia nyeusi, weusi wake unatoka kwenye nafaka iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua. Hizi tulizozoea, Guinness na Castle Milk Stout, ni za kiasi, hiyo Castle Milk Stout ni asilimia 6. Ile nzito ya zawadi wenyewe wanaiita imperial stauti, na jina hilo lina historia yake. Karne ya 18 kule London kulikuwa na kiwanda cha Anchor pale Southwark, mali ya familia ya Thrale, walikuwa wanapika bia nyeusi kali ya kusafirishwa kwa meli kwenda nchi za Baltiki na Urusi, na ikanywewa mpaka kwenye ikulu ya malkia Catherine wa Pili aliyetawala Urusi toka 1762 hadi 1796. Mwaka 1781 kiwanda kikauzwa kikawa cha Barclay Perkins, biashara ya Urusi ikaendelea. Ndo maana mpaka leo neno imperial, yaani ya kifalme, liko kwenye lebo, na ndo maana utakuta bia ya California inaitwa Old Rasputin, ile ya asilimia 9, wakati Rasputin mwenyewe alikuwa Mrusi, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa huko.

Sasa utamu unatoka wapi, maana watu wanadhani wametia sukari. Wengine kweli wanaongeza vitu, laktosi ambayo ni sukari ya maziwa, au asali, au vanila. Ila sehemu kubwa ya utamu ni ya nafaka yenyewe, na mtu aliyeona togwa inavyotengenezwa ataelewa haraka sana. Bibi yangu wa Tukuyu akipika togwa anaanza na uji mzito wa mahindi, mwiko unasimama. Anauacha upoe mpaka akitumbukiza kidole anaweza kuvumilia, hapo anamwagia unga wa kimea cha ulezi, anakoroga taratibu. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nakaa pembeni nasubiri, maana ndani ya muda mfupi tu ule uji unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi, ukionja ni mtamu na hakuna aliyetia sukari. Kimea kimeukata wanga kimeugeuza sukari. Hawa wapika bia wanafanya hivohivo kabisa, ila kimea chao ni cha shayiri na kwenye imperial wanaweka nafaka nyingi mno kwa maji machache, kwa hiyo wanapata kimiminika kitamu kizito kama uji wa sukari. Hamira inakula ile sukari inaigeuza kilevi, lakini kuna sukari nyingine haiwezi kuila na kilevi nacho kikishazidi hamira inachoka, kwa hiyo inayobaki ndo utamu unaousikia. Laktosi nayo hamira ya bia haiiwezi kabisa, inabaki yote, ndo siri ya hizi zinazoitwa milk stout, na kama tumbo lako halielewani na maziwa lichunge hilo.

Weusi nao una mwaka wake. Mwaka 1817 Mwingereza mmoja, Daniel Wheeler, alisajili mtambo wa kukaangia kimea kwenye pipa la chuma linalozunguka, wazo lilelile la kukaangia kahawa. Kwa hiyo ukisikia kahawa kwenye bia ambayo haijatiwa kahawa usidhani unajidanganya, ni mbegu mbili tofauti zimepita kwenye moto wa aina moja.

Kabla ya siku yenyewe

Chupa ikifika usiifungue siku hiyo. Fikiria imetoka Dar kwenye buti la basi, imepita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni, imepanda Kitonga ikitikiswa, Iringa, Makambako, Chimala, mpaka inashushwa Mbeya imechanganyikiwa kabisa. Isimamishe wima sehemu yenye giza, siku mbili tatu. Ile hamira na mashapo mengine yatatuama chini na gesi itatulia. Wima nimesema, usiilaze kama mvinyo.

Na hapa kwetu kuna jambo la mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ina mgandamizo mdogo kuliko Dar, kwa hiyo chupa iliyotikiswa na ikiwa na joto ukiifungua huku povu linakuja kwa nguvu zaidi. Nimeshaona meza nzima ikilowana pale mtaa wa Soweto hapa Mbeya, robo ya chupa ikaenda chini. Ukiipumzisha na kuipoza kidogo haikusumbui.

Kingine, panga watu. Chupa moja ya mililita 330 ni ya watu wanne. Najua inasikika uchoyo ila piga hesabu na mimi. Safari moja ya mililita 500 yenye asilimia 5.5 ina kilevi halisi kama mililita 27 na nusu. Hicho kichupa cha 330 chenye asilimia 13 kina karibu 43. Yaani kile kidogo kimeizidi Safari kubwa moja na nusu, na kwa kuwa ni kitamu kinateleza bila wewe kushtuka. Mkigawana wanne kila mtu anapata kama mililita 80, inatosha kabisa kuonja kwa lisaa limoja na mtu akabaki na akili yake. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 18, anayetumia metronidazole au dawa yoyote aliyoambiwa asichanganye na pombe, hawa wanusie tu au wakae na chai, chai ya Rungwe ni nzuri na haina ubaya wowote.

Hapohapo niseme lile la damu. Nyumba nyingi huku watu wanaamini stauti inaongeza damu, mama akijifungua anapelekewa chupa. Sio kweli jamani. Weusi ule ni kimea kilichokaangwa, chuma kilichomo ni kidogo mno hakiwezi kutibu upungufu wa damu, na pombe inapita kwenye maziwa ya mama inamfikia mtoto. Mpelekeeni maharage, maini, mchicha na aende kliniki apewe vidonge. Naongea kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona ndugu wa karibu akinyweshwa hivo kwa nia njema kabisa huku akizidi kudhoofika.

Moto au baridi?

Ukikaa baa yoyote ya Tanzania mhudumu anakuuliza moto au baridi, na hapa ndo wazee wanaokunywa Guinness ya moto walikuwa mbele yetu muda wote, sisi vijana tukiwashangaa. Stauti nzito inataka ubaridi wa kati, nyuzi 10 mpaka 14 hivi. Chini ya hapo ulimi unakufa ganzi na harufu inalala, juu sana kilevi kinapanda puani.

Huhitaji kipimajoto. Kama ni Juni au Julai na uko Mbeya, Uyole, Tukuyu, Njombe, Makete, we huhitaji hata friji. Usiku joto la nje linashuka chini ya nyuzi 10, iweke chupa sakafuni stoo, sakafu ya saruji, ikae wima hapo usiku mzima, asubuhi ukiishika inatakiwa iwe na ubaridi kama wa maji ya bomba ya alfajiri, yale unayonawia uso unashtuka lakini huumii mifupa. Basi hapo ndo penyewe. Watu wanajenga vyumba maalumu kule Ulaya kupata ubaridi huu, sisi tumepewa na milima. Kama uko Kyela au Usangu kwenye joto, weka friji ya kawaida, toa dakika thelathini mpaka arobaini kabla ya kufungua. Friza hapana.

Glasi na mahali

Glasi nzuri ni ya mvinyo, ile yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, ili harufu isikimbie. Huna, tumia glasi ndogo ya kawaida ujaze chini ya nusu. Kikombe cha plastiki kinanuka plastiki, na chupani huwezi kunusa kitu. Ioshe kwa maji mengi mpaka sabuni yote itoke na uiache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa cha jikoni chenye mafuta, mafuta yanaua povu.

Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Usionjee karibu na jiko la mkaa wala banda la kiti moto, moshi utausikia kwenye glasi nzima ukadhani ni bia. Manukato pia, mtu aliyejipulizia mwambie kwa upole akae upande ule wa dirisha. Mi napenda barazani saa kumi jioni, upepo wa mlima Loleza umetulia, watu hawajala pilipili bado.

Sahani ya kunusia

Hii hatua ndo roho ya mwongozo wangu na tafadhali usiiruke. Kabla hujafungua chupa andaa sahani moja weka vitu hivi, vyote unapata soko la Mwanjelwa au kwa jirani.

Buni za Mbozi zilizokaangwa, chache tu, zingine zimekaangwa kiasi zingine zimeiva nyeusi. Punje za kakao ya Kyela zilizokaushwa. Kipande cha sukari guru. Zabibu kavu, hizi za Dodoma. Kipande cha ukoko wa wali ulioungua kidogo. Kama una jirani anafuga ng'ombe wa maziwa muombe kijiko cha molasisi ile wanayochanganyia pumba. Ganda la vanila kama unalipata.

Sasa mpe kila mtu anuse kimoja kimoja na asitaje jina, aseme kinamkumbusha nini. Chukua kakao kwa mfano. Ishike punje, isugue kati ya vidole mpaka ganda livunjike kama ganda la karanga, ndani unakuta vipande vya kahawia iliyoelekea zambarau. Tafuna kimoja taratibu. Kitu cha kwanza ni uchungu, tena uchungu mkavu unaokausha mashavu, halafu kwa nyuma kuna uchachu fulani, kwa sababu kakao inavundikwa siku kadhaa kwanza ndo ianikwe, halafu mwishoni kabisa ukishameza ndo chokoleti inakuja, haina sukari, chokoleti tupu. Ule mkato wa uchungu, uchachu, chokoleti, ukumbuke, maana utaukuta kwenye glasi kwa mpangilio uleule au umegeuzwa.

Buni nayo itafune moja. Iliyokaangwa kiasi ina utamu na kaharufu ka tunda, iliyoiva sana ni majivu na mkaa. Stauti nzuri inakaa katikati, ikielemea mkaa sana mpishi kazidisha kimea cheusi. Ukoko nao unakupa kitu ambacho Wazungu wanakiita mkate uliobanikwa, sisi tuna ukoko tayari, na nakwambia ukishanusa ukoko huwezi kuukosa kwenye stauti.

Ukimaliza kunusa kunywa maji ya uvuguvugu, kaa dakika tano.

Kufungua na kumimina

Fungua taratibu, opena juu ya kizibo, nyanyua kidogo usikie gesi ikitoka, subiri, ndo umalizie. Inamisha glasi, mimina kwa ubavu, ukifika nusu isimamishe umimine katikati ili povu liinuke. Tazama rangi ya povu, bia za kawaida povu ni jeupe, hii ni kahawia kama kahawa ya maziwa, kwenye zile kali zaidi ni kama udongo mwekundu wa Mbozi ukilowana. Povu likiondoka haraka usisikitike, kilevi kingi kinalivunja, sio kasoro. Acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa, yale mashapo, tutayarudia.

Inyanyue glasi kwenye mwanga. Pembeni kabisa ya glasi ukiona wekundu wa kahawia ni sawa, ikiwa nyeusi tii mpaka ukingoni ni sawa pia. Izungushe polepole uone inavyoshuka kwenye kuta za glasi, nzito inaacha michirizi mirefu inayotambaa kama mafuta ya alizeti.

Kunusa

Usizamishe pua ukavuta kwa nguvu, kilevi cha asilimia 12 kitakuchoma na pua itakataa kazi dakika nzima. Weka glasi usawa wa kidevu, pua iwe juu kidogo, mdomo wazi kidogo, vuta vipumzi vifupi vitatu, ondoa. Pumzika. Rudia. Mara ya kwanza watu wengi wanasema "nasikia bia" au "nasikia pombe", ni sawa, usiwacheke. Mara ya pili waambie wanuse buni kwenye sahani halafu warudi kwenye glasi mara moja. Hapo utaona sura zinabadilika, mtu anasema ee kumbe iko. Rudia na zabibu kavu, rudia na sukari guru. Kile ambacho hakipo kwenye glasi kitakaa kimya, kile kilichopo kitajibu, na kila mtu atapata chake, hakuna aliyekosea. Mjomba wangu mmoja mfugaji, mtu ambaye hajawahi kuonja kitu kwa utaratibu maisha yake yote, alinusa mara moja tu akasema hii ni molasisi ya ng'ombe wangu, na alikuwa sahihi kuliko mimi niliyekuwa nang'ang'ania chokoleti.

Kuonja sasa

Funda la kwanza dogo, kijiko cha chai. Hili usilitolee hukumu kabisa, ni la kuuamsha ulimi tu, litakuambia tamu sana au kali sana na litakuwa limekudanganya. Meza, subiri nusu dakika.

Funda la pili kubwa kidogo, kijiko cha chakula. Liache likae juu ya ulimi, lizungushe lifike kwenye mashavu na nyuma, hesabu mpaka tano. Unachotafuta kwanza ni uzito. Ni jepesi kama maji, kama maziwa fresh, au kama togwa nzito? Imperial nzuri inakaa kwenye maziwa kuelekea togwa, inafunika ulimi. Halafu utamu, unakuja mbele au unakuja mwishoni? Halafu angalia uchungu unaouzuia huo utamu, maana hapa ndo ufundi wa mpishi uko wote. Uchungu unatoka sehemu mbili, kwenye hopsi ambayo ni ua linalotiwa kwenye bia, uchungu wake ni wa majani, na kwenye kimea kilichokaangwa, uchungu wake ni wa kahawa. Bia tamu sana isiyo na uchungu wa kutosha funda la kwanza unaipenda, la tatu inakuchosha, inakaa mdomoni kama sharubati. Yenye mizani inakuita tena. Mimi binafsi hizi za mtindo wa sasa zilizojazwa vanila na biskuti na nazi sizipendi sana, kimea kinapotea, ila watu wengi ninaokaa nao wanazipenda na hiyo ni haki yao.

Meza, kisha pumua nje kwa pua mdomo ukiwa umefunga. Hii watu wengi hawaijui. Harufu inapanda kwa nyuma ya koo na hapo ndo utasikia vitu ambavyo puani mwanzo havikuwepo, tumbaku kavu, ngozi, mbao za pipa, ganda la ndizi mbivu. Halafu hesabu ladha inakaa muda gani. Ikikaa dakika nzima na bado unasikia kakao, umepewa zawadi ya maana. Joto kifuani ni sawa, joto kama la kumbatio, ila ikichoma kama konyagi kavu basi kilevi hakijakaa sawa, pengine bia ni changa.

Usimalize. Weka glasi chini, piga stori dakika kumi na tano, ionje tena. Dakika ya arobaini tena. Inapopata joto inabadilika, kahawa inarudi nyuma, matunda makavu yanakuja mbele. Andika kwenye simu maneno mawili matatu kila mara, kwa lugha yako, kama ni Kinyakyusa andika Kinyakyusa, kama ni Kihehe andika Kihehe.

Mwishoni yale mashapo tuliyoacha, tikisa chupa kidogo, gawa vijiko. Ni mazito, yana ladha ya hamira, kwa mtu aliyewahi kunywa komoni, ile pombe yetu ya kienyeji, hayatamshangaza.

Ukisikia vibaya

Siki kali ni bakteria wameingia, achana nayo. Boksi lililolowana au sosi ya soya ni hewa na uzee, kidogo inavumilika, ikizidi imepita muda. Zenye kahawa ndani zisiwekwe sana, ladha ya kahawa inachuja ndani ya miezi, lakini imperial ya kawaida ya asilimia 10 kwenda juu inaweza kukaa miaka mitatu minne stoo ya baridi na giza, ukali unapoa inakuwa laini. Ukipata mbili fungua moja tu.

Cha kutafuna

Chumvi na mafuta vinaelewana na utamu huu. Karanga za kukaanga zenye chumvi. Jibini ya Njombe, ile ngumu kidogo, kipande kidogo baada ya funda, hii jaribuni jamani mtanishukuru. Ndizi mbivu za kukaanga. Pilipili kaa nayo mbali, kilevi kinaiongezea moto, na nyama choma subiri mkishamaliza. Ukiwa na keki ya chokoleti isiyo na sukari nyingi ni vizuri, keki tamu sana inaifanya bia ionekane chungu na nyembamba.

Kama hujaletewa chupa na mtu, fanya mazoezi na hizi za hapa, Guinness na Castle Milk Stout pembeni kwa pembeni, sahani ileile, zote ziwe za moto wa Mbeya na sio za friji. Utashangaa zinavyotofautiana, moja kavu imekaukia kwenye mkaa, nyingine ina ile laini ya laktosi.

Kurudi nyumbani ni bajaji au miguu, gari ibaki ilipo, mteremko wa Iwambi mnaujua wenyewe.

Na glasi msizioshe usiku huohuo. Ziacheni mezani wima mpaka asubuhi, kile kidogo kilichobaki chini kitakauka kiwe utando mweusi, na ukinusa hapo kilevi kimeshaondoka chote kimebaki kimea tupu. Mwaka jana bibi alikuwa amekuja kututembelea, yeye ni mlokole hajawahi kugusa pombe, alfajiri akakuta glasi tatu mezani akachukua moja akainusa, akairudisha, akaja mlangoni kwangu kunigongea akauliza, mjukuu wangu, nani ameunguza kimea?